Wanazuoni wa Kandanda na Kipimo cha Ukuaji

Msimu wa mashindano ya UMISSETA unapokaribia, mwalimu wa michezo wa shule ya sekondari hukabiliwa na kazi ambayo haifundishwi katika kitabu chochote cha darasani. Iwe ni Manchira, katika Wilaya ya Serengeti, si mbali na mji wa Mugumu, au Masasi, au Mpanda, kazi yenyewe ni ileile. Vijana arobaini wamejipanga mstari kandokando ya uwanja, na nafasi ni kumi na nane. Mwalimu ana saa mbili tu kabla jua halijatua na kabla wanaokaa mbali hawajaanza safari ya kurudi makwao.

Katika saa hizo mbili macho hufuata umbo. Aghalabu huchukuliwa wale warefu, wenye mbio, wenye mabega, ambao sauti zao zimekwisha kuwa nzito. Kijana mdogo wa umbo, aliyempita mlinzi mara mbili kwa akili na mara ya tatu akaangushwa kwa bega, huambiwa ajaribu tena mwakani. Mara nyingi mwakani harudi. Amekwisha kuamini kwamba mpira si riziki yake.

Je, mwalimu huyo amechagua vipaji, au amechagua tarehe za kuzaliwa? Swali hili limewashughulisha kwa miongo kadhaa watu ambao washabiki wa kandanda hawawajui kwa majina: walimu wa vyuo vikuu ambao somo lao ni mchezo wa mpira. Majibu waliyoyapata ni miongoni mwa maarifa machache ya kisayansi yanayoweza kuhakikiwa katika uwanja wa vumbi kwa utepe wa fundi cherehani na daftari la mistari.

Walimu wasiovaa njumu

Wazo la kwamba kandanda linaweza kuwa na wanazuoni wake si la jana. Chuo Kikuu cha Michezo cha mjini Cologne, Ujerumani, kilianzishwa mwaka 1947, na tangu mwaka huo kilianza kutoa mafunzo ya walimu wa kandanda chini ya Sepp Herberger, yule ambaye mwaka 1954 aliiongoza Ujerumani Magharibi kutwaa Kombe la Dunia. Upande wa mashariki, chuo cha elimu ya viungo cha Leipzig, kilichofunguliwa mwaka 1950, kilianzisha kozi za kimataifa zilizowapokea makocha kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Chuo hicho kilifungwa mwaka 1990, lakini kozi hizo zimeendelezwa na Chuo Kikuu cha Leipzig. Huko Lisbon, katika taasisi ya elimu ya viungo, somo la falsafa ya michezo lilifundishwa na Manuel Sérgio, mwanafalsafa ambaye hakuwa mchezaji wa sifa yoyote. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa José Mourinho, ambaye naye hakupata jina kwa kucheza.

Hapo ndipo washabiki wengi hukunja uso. Mtu asiyejua kupiga penalti atamfundisha nini anayejua? Jibu ni kwamba wanazuoni hao hawafundishi kupiga mpira, bali hupima. Katika chuo cha namna hiyo yumo mtaalamu wa fiziolojia ambaye kazi yake ni moyo, mapafu na misuli, yumo wa mekanika ya mwili, yumo wa saikolojia, yumo daktari, na yumo mwalimu wa walimu, anayechunguza namna mtoto anavyojifunza jambo jipya. Wote wana shughuli moja, nayo ni kutazama kile ambacho jicho la kocha, kwa kuwa linafuata mpira, haliwezi kukiona.

Mfano mzuri ni Thomas Reilly, aliyekuwa mwalimu wa Liverpool Polytechnic, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores. Katika miaka ya 1970 yeye na mwenzake Vaughan Thomas walifanya jambo linaloonekana la kitoto: badala ya kutazama mpira, walimtazama mchezaji mmoja tu kwa dakika zote 90, wakaandika kila mwendo wake, akitembea, akikimbia polepole, akikimbia kasi au akirudi kinyumenyume. Walipochapisha matokeo yao mwaka 1976, ilionekana kwamba mchezaji wa daraja la juu la Uingereza alikwenda wastani wa meta 8,680 katika mechi moja, na kwamba alikuwa na mpira mguuni kwa chini ya asilimia 2 ya mwendo huo. Asilimia 98 iliyobaki ni kazi isiyopigiwa makofi. Mwaka 1987 mji huohuo wa Liverpool ulikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa dunia juu ya sayansi na kandanda.

Katika Sweden, mtaalamu wa fiziolojia Bengt Saltin alikuwa amekwisha kuuliza mwendo huo wote unaendeshwa kwa nishati gani. Mwaka 1973 alieleza juu ya wachezaji walioanza mechi wakiwa na akiba ndogo ya glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa ndani ya misuli. Kufikia mapumziko akiba ya mapaja yao ilikuwa karibu kwisha, na karibu nusu ya mwendo wao wote ilikuwa ni kutembea. Wenzao walioanza na akiba iliyojaa walitembea kwa kiasi cha robo tu. Ugali, muhogo na viazi ndivyo hujaza ghala hilo, nalo hujazwa tangu siku iliyotangulia, si dakika chache kabla ya filimbi. Mchezaji aliyeshinda njaa shuleni kisha akalaumiwa jioni kwa uvivu ameonewa, na aliyemlaumu hakujua fiziolojia.

Orodha iliyosomwa na mtazamaji

Hata hivyo, ugunduzi unaomgusa zaidi yule kijana mdogo wa umbo haukuanzia katika kandanda. Ulianzia Kanada, katika mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Inasimuliwa kwamba mwanasaikolojia Roger Barnsley, wa mji wa Lethbridge, alikwenda kutazama mechi ya vijana pamoja na mkewe Paula. Mkewe alikuwa akipitia orodha ya wachezaji katika kijitabu cha mechi, mara akashangaa: karibu wote walizaliwa Januari, Februari na Machi. Barnsley na wenzake walikusanya orodha nyingine, wakakuta hali ni hiyohiyo, na mwaka 1985 wakatangaza matokeo hayo. Mwaka 1992 walionyesha kwamba jambo hilohilo limo katika timu za vijana za Kombe la Dunia la kandanda.

Maelezo yake ni hesabu ya kawaida. Vijana hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka huohuo huwekwa katika kundi moja, ingawa wanapishana miezi 11. Katika umri wa miaka 8, yaani miezi 96, tofauti hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya maisha yote ya mtoto. Yule mkubwa huonekana ana kipaji, kwa hiyo huchaguliwa. Akishachaguliwa hupata kocha bora, mechi nyingi na moyo wa kuendelea. Baada ya miaka mitano kipaji kile ambacho hakikuwapo kimekwisha kutengenezwa. Mdogo naye hupungukiwa na vyote hivyo, kisha wakubwa husema kwamba walijua tangu mwanzo.

Mtu mwenye shaka angeweza kudai kwamba pengine watoto wa Januari huzaliwa na nguvu zaidi, labda kwa sababu ya majira ya mwaka au chakula cha mama. Shaka hiyo ni ya haki, na mwanasayansi hana budi kuijibu. Jibu lilipatikana Ubelgiji bila mtu kulipanga. Hadi mwaka 1997 mwaka wa mashindano ya vijana nchini humo ulihesabiwa kuanzia tarehe 1 Agosti. Kisha ukahamishiwa tarehe 1 Januari. Werner Helsen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven walilinganisha orodha za kabla na za baada ya badiliko hilo. Kabla yake, waliojaa katika timu teule za vijana walikuwa wa Agosti, Septemba na Oktoba. Baada yake, mara moja, wakawa wa Januari, Februari na Machi. Majira hayakubadilika, wala akina mama hawakubadili chakula. Kilichobadilika ni tarehe moja katika karatasi ya chama cha mpira, na "vipaji" vikahama pamoja nayo.

Rika na mwili

Katika Mara jambo hili lina sura yake. Miongoni mwa Wakurya, vijana wanaopitia jando katika msimu mmoja huwa rika moja maisha yao yote, hata kama wanapishana umri. Kila mtu hufahamu kwamba rika ni udugu, si kipimo cha umri wa mwili. Darasa la shule nalo ni rika la namna yake. Kidato cha pili huweza kuwa na mwenye miaka 13 aliyeanza shule mapema, akakaa dawati moja na mwenye miaka 16 aliyechelewa kuandikishwa, pengine kwa sababu alikuwa machungani na ng'ombe wa nyumbani. Ikiwa miezi kumi na mmoja ilitosha kupotosha macho ya makocha wa Ubelgiji, miaka mitatu itapotosha macho ya nani?

Tena umri wa kalenda si mwisho wa habari. Hata vijana wawili waliozaliwa wiki moja huweza kuwa mbali sana kimwili, kwa kuwa balehe haiji kwa wote kwa wakati mmoja. Aliyelifafanua jambo hili kwa uvumilivu mkubwa ni daktari Mwingereza James Tanner, ambaye kati ya mwaka 1948 na 1971 alisimamia upimaji wa watoto wa makao ya Harpenden, kaskazini ya London. Watoto walewale walipimwa tena na tena, mwaka baada ya mwaka, mpaka walipokuwa watu wazima. Kutokana na kazi ya namna hiyo inafahamika kwamba mvulana hukua kiasi cha sentimeta 5 au 6 kwa mwaka katika utoto wake, kisha kasi hupanda ghafla kufikia sentimeta 9 au 10 kwa mwaka, halafu hushuka na hatimaye kusimama. Kilele cha kasi hiyo huwa, kwa wastani, karibu na miaka 14 kwa wavulana na karibu na 12 kwa wasichana. Lakini wastani ni neno la kuangaliwa: mvulana mmoja hufika kileleni akiwa na miaka 12, mwingine akiwa na 16, na wote wawili ni wazima wa afya.

Baada ya kilele hicho ndipo misuli huongezeka na nguvu huja. Kwa hiyo mvulana wa miaka 14 aliyewahi kukua anapomwangusha mwenzake wa miaka 14 aliyechelewa, kwa mwili ni mtu wa miaka 16 aliyemwangusha wa miaka 12. Watazamaji hupiga makofi. Tofauti hiyo itatoweka yenyewe baada ya miaka minne au mitano, lakini uteuzi umekwisha kufanywa.

Uteuzi wa kufuata umbo huzaa pia dhambi nyingine. Pale ambapo mwili mkubwa ndio unaosifiwa, njia nyepesi ya kuupata ni kumleta mtu mzima na kumpunguzia miaka. Mwaka 2005 Tanzania, ambayo timu yake ya vijana chini ya miaka 17 hubeba jina la Serengeti Boys, iliondolewa katika fainali za Afrika za vijana zilizofanyika Gambia kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Haikuwa nchi pekee yenye tatizo hilo. Katika Kombe la Dunia la vijana lililofanyika Nigeria mwaka 2009, FIFA ilianza kutumia mashine inayopiga picha ya kifundo cha mkono kwa nguvu za sumaku. Karibu na mwisho wa mfupa wa mtoto kuna bamba la gegedu ambalo ndilo mahali mfupa unapoongezeka urefu. Ukuaji ukikamilika, bamba hilo hugeuka kuwa mfupa. Ni nadra sana kwa kijana aliye chini ya miaka 17 kuwa bamba lake la kifundo cha mkono limekwisha kufunga kabisa.

Mashine hiyo inaweza kumkamata aliyezidi umri. Haiwezi kumrudisha uwanjani yule aliyeachwa kwa kuwa mdogo.

Utepe, benchi na daftari

Kumrudisha kunahitaji kipimo kingine, nacho hakihitaji umeme. Robert Mirwald na wenzake wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Kanada, walionyesha mwaka 2002 kwamba urefu wa mtu akiwa amesimama, urefu wake akiwa ameketi, uzito na umri vinaweza kukadiria yuko umbali gani kutoka kilele cha ukuaji. Siri imo katika kuketi: wakati wa balehe miguu hutangulia kurefuka na kiwiliwili hufuata. Kijana mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi aghalabu bado ana safari. Kanuni yao iliundwa kutokana na watoto wa Kanada na Ubelgiji, na hivyo haifai kuchukuliwa Manchira kama hirizi. Kinachofaa popote ni kumpima mtoto yuleyule mara nyingi.

Utepe hubandikwa ukutani, sifuri ikiwa sakafuni. Mwanafunzi husimama bila viatu, visigino vikigusa ukuta, macho yakitazama mbele. Kitabu kigumu huwekwa juu ya kichwa, ukingo wake ukilala sawasawa ukutani, ndipo urefu husomwa. Kisha huketi juu ya benchi lililosogezwa ukutani, akasomwa tena, na urefu wa benchi ukatolewa. Kila kipimo huchukuliwa mara mbili. Saa ya kupima isibadilike, kwa kuwa mtu huwa mrefu zaidi asubuhi kuliko jioni: uti wa mgongo hubanwa kutwa nzima, na tofauti huweza kufikia sentimeta 1 au hata kuzidi. Mwalimu anayepima Januari asubuhi na Aprili jioni atakuwa ameifuta robo nzima ya ukuaji kwa uzembe wa saa.

Vipimo vinarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Aliyeongezeka sentimeta 2 au zaidi katika miezi hiyo yumo katika kasi kubwa ya ukuaji, au anaikaribia. Somo la hisabati la kidato cha pili linaweza kuchukua namba hizo na kuchora mchoro, sentimeta kwa mwaka zikipanda na kushuka mbele ya macho ya wenye miili yenyewe. Si rahisi kupata mfano wa mwinuko wa mstari unaosikilizwa kwa makini zaidi ya huo.

Daftari hilo lina faida ya pili. Katika miezi ya kukua haraka, kano ya paja huvuta mahali inapojishikiza mbele ya goti, penye gegedu lisilokomaa, na kijana hulalamika maumivu chini ya kofia ya goti. Madaktari wawili, Osgood wa Boston na Schlatter wa Zürich, walieleza maradhi hayo mwaka mmoja, 1903, kila mmoja kwa upande wake. Dawa yake kubwa ni kupunguza mbio na kuruka kwa muda. Mwalimu asiye na daftari humwita kijana huyo mlegevu na kumwongezea mizunguko ya uwanja.

Sean Cumming wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alikwenda hatua moja mbele. Tangu mwaka 2015, kwa ushirikiano na vituo vya vijana vya klabu za Ligi Kuu ya nchi hiyo, baadhi ya mechi zilichezwa kwa kuwapanga vijana kwa kiwango cha ukuaji badala ya mwaka wa kuzaliwa. Waliochelewa kukua walipata, pengine kwa mara ya kwanza, nafasi ya kuongoza mchezo. Waliowahi waligundua kwamba bega halitoshi tena, wakalazimika kutazama, kutoa pasi na kufikiri. Kundi hili la pili ndilo husahauliwa: nalo hudhulumiwa na uteuzi wa umbo, kwa kuwa hakuna aliyelidai ufundi mpaka wenzao wakawafikia kwa kimo.

Kwa wasichana kalenda ni nyingine. Wengi wao wamekwisha kupita kilele cha ukuaji wanapoingia kidato cha kwanza, kwa hiyo tofauti za miili katika timu yao ya sekondari hupungua mapema zaidi kuliko za wavulana. Daftari la wasichana lingefaa kuanza katika shule ya msingi, wakati wa UMITASHUMTA.

Tanzania haina uhaba wa mahali pa kuyafundisha mambo haya. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kimo Kwimba, Mkoa wa Mwanza, ng'ambo ya mpaka wa Mara na Simiyu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Mwalimu anayetoka huko na kupangiwa shule ya Serengeti ndiye mwanazuoni wa kandanda wa mahali hapo, hata kama siku nzima anafundisha pia jiografia na baiolojia.

Siku ya uteuzi, basi, mwalimu huyo anaweza kuwa na safu mbili zaidi katika karatasi yake: mwezi wa kuzaliwa, kwa wale wanaoujua, na sentimeta zilizoongezeka tangu muhula uliopita. Wale kumi na wanane wa mwaka huu watachaguliwa kama kawaida, kwa kuwa mechi ni wiki ijayo na wilaya inataka ushindi. Lakini mbele ya jina la yule mdogo aliyempita mlinzi mara mbili pameandikwa: miaka 14, ameongezeka sentimeta 1 tu kwa miezi mitatu, bado hajaanza. Chini yake imewekwa tarehe ya kupimwa tena, na agizo kwamba aendelee kufanya mazoezi pamoja na timu.